Ua la Krismasi la marehemu mkwe wangu, na majirani waliolimwagilia maji

Bwana asifiwe, wakuu. Namshukuru Mungu kwa pumzi ya leo na kwa macho ambayo bado yanaona herufi za simu.

Wanaonizidi umri humu sidhani kama wapo. Kama mpo, shikamooni. Wengine marahaba.

Nimeona mwenzetu akiuliza kwa nini ua lake la Krismasi linalegea wakati analimwagilia kila siku. Namjibu kwa kisa changu, na chumvi sitaongeza.

Mimi na Damari tulikuwa ndiyo kwanza tumeoana tulipohamishwa kutoka milimani Kilosa kwenda kijiji cha ujamaa bondeni, upande wa Tindiga. Hatujamaliza hata kukandika nyumba, mama yake akafariki kwao Mikumi.

Baada ya mazishi Damari hakuomba kitenge wala sufuria. Alichukua kopo la samli lililokuwa na ua la mama yake, akalipakata kwenye basi mpaka nyumbani.

Kwa wasiolijua: ni jamii ya mpungate, ila halina miiba. Majani yake ni pingili bapa zilizoungana, na maua hutokea nchani.

Tukaliweka barazani, kwenye kivuli. Wiki chache tu, likaanza kunyauka.

Wakuu, nilikosa raha. Napalilia mahindi ya kijiji, mawazo yako kwenye kopo. Kengele ya kutoka shamba ikigongwa nawatangulia wote kwenda kulitazama. Damari aligusa pingili moja moja, kisha akaingia ndani kupika.

La ajabu, udongo ulikuwa umelowa, na yeye alikuwa hajalimwagilia. Nikapanda darini kutafuta panapovuja. Hapavuji.

Siku moja mvua ilitutoa shamba mapema. Tukamkuta jirani yetu, Mama Eliya, ameinama barazani na kata ya maji.

"Mama Eliya, vipi tena?"

"Namnywesha mtoto wenu. Mnashinda shamba, mwenzenu anakufa kiu."

"Umeanza lini?"

"Kwani ni mimi peke yangu? Balozi wa nyumba kumi naye humwagia akipita. Na wanaotoka kisimani je? Hapa hatubagui, baba."

Kumbe kila aliyeliona limelegea alilipa maji, na kila lilipopewa maji lilizidi kulegea. Kopo lenyewe halikuwa na tundu hata moja chini.

Nilitaka kusema neno zito. Damari akanivuta shati.

"Ukiwakataza watatuita mabepari wa kopo moja," alisema.

Akalimwaga. Mizizi ilikuwa myeusi, inateleza. Akakata pingili zilizobaki ngumu, akaziacha kivulini siku kadhaa zikauke kidonda. Nikatoboa makopo kwa msumari. Tukachanganya mchanga, majani yaliyooza na vipande vya mkaa.

Kisha akapita nyumba kwa nyumba, akampa kila mmoja pingili yake.

"Hili ni lako. Ingiza kidole kwanza. Ukikuta unyevu, liache. La jirani usiliguse."

Krismasi ikapita, hakuna ua. Nikahangaika upya, nalihamisha dirisha hili na lile, hadi Damari akaniambia, "Mume wangu, keti."

Baridi ilipoingia, baada ya masika, usiku uliporefuka, Mama Eliya alikuja asubuhi, hata hodi hakupiga.

"Damari, njoo kwangu umwone mama yako."

Tukaenda. Ua moja jekundu, limeinama kama linasalimia. Damari alipiga magoti pale pale kwenye vumbi. La kwetu lilichanua baadaye, kumbe huku kwetu hungoja baridi, si Krismasi, na kizazi chake kipo dirishani hapa ninapoandika.

Kwa hiyo, mwenzetu, kulegea si lazima kuwe kiu. Gusa udongo kwanza, toboa chombo, na likishatoa vitumba usilihamishe. Nami nilijifunza kwamba wema wa watu haukatazwi, unapewa kopo lake.

Wenye uzoefu karibuni, hasa mlio Kilosa na Mikumi: kwenu linachanua lini?

Mungu aliyelitunza lile ua awatunze na ninyi mliosoma, na nyumba zenu zisikose kitu cha kuchanua. Amina.