Ndoo ya Vumbi Niliyoisugua

Nakumbuka asubuhi ile niliyoosha vumbi la utafiti kwa sabuni ya unga, mwanangu, kisha nikajipongeza. Usifikiri nilikuwa mtoto. Nilikuwa kijana wa miaka sitini na miwili, mwenye kidato cha nne, mzee wa kanisa, na meno yangu karibu yote. Wenzangu walipanda magari kwenda Nairobi na Mombasa kutafuta upumbavu. Mimi niliupata papa hapa nyumbani, bila nauli.

Mimi ni mtu wa boma. Makindu nimefika mara mbili maishani, na mara ya pili nilirudi kabla chai ya saa nne haijapoa. Napenda kupika, napenda kufagia, napenda sufuria iliyosuguliwa hadi kuku akijiona humo anaruka. Mama Mwende, mke wangu, alinizoea zamani. Jirani yetu Mama Kyalo, tuliyetenganishwa naye na ua wa minyaa tu, bado hajazoea. Huwaambia wageni, "Ukienda kwa Baba Mwende pangusa miguu. Ukisahau, atakupangusa yeye."

Sasa boma letu liko kando ya barabara ya vumbi itokayo Tawa, pale inaponyooka kidogo na lori za mchanga hupata raha ya kukimbia. Lori moja likipita, shule ya nasari iliyo ng'ambo haionekani tena. Unasikia watoto wakiimba tu, kama malaika ndani ya wingu. Inachekesha, hadi ukumbuke kwamba dereva wa lori la nyuma naye haoni kitu, na kwamba watoto hao hutoka saa sita wakikimbia. Mbuzi wangu wawili walifia hapo mchana kweupe. Na Mama Mwende alikuwa na kikohozi ambacho zamani kilikuja na kiangazi na kuondoka na mvua, lakini siku hizi kilikuwa kimehamia kabisa. Hata mzaha hamalizi kuucheka. Kikohozi kinamkatiza katikati.

Ndipo akaja Mwikali, msichana wa chuo kikuu, kwao Nuu huko Kitui, ambako vumbi wanalijua kama ndugu. Alikuwa anachunguza barabara yetu: lori ngapi zinapita, zinakimbia vipi, vumbi lake linaangukia wapi na nani anakohoa. Watu wa barabara walikuwa wamesema wazi kwamba hawawezi kuitengeneza yote kwa mara moja, na kwamba wangeanza pale ambapo Mwikali angewaonyesha kuna shida kubwa zaidi. Kwa hiyo alitundika ndoo tatu nyeupe: moja sokoni, moja kwenye mteremko wa mto, na moja juu ya nguzo ya ua wangu. Ndani alitia maji kidogo ya kunasa vumbi.

"Baba, hii itakaa mwezi mzima," aliniambia. "Chochote kitakachoanguka humu ndicho ninachokitaka, kwa hiyo..."

Hiyo "kwa hiyo" sikuisikia mwisho wake, mwanangu. Chai ilikuwa inafurika jikoni, na mimi chai ikifurika hata mhubiri namwacha akiomba. Nilirudi na vikombe, tukanywa, tukazungumza habari za Nuu, akaenda zake. Sikuuliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mimi siku hiyo nilikuwa na vikombe tu.

Baada ya siku mbili nikachungulia ndoo. Aibu iliyonipata! Ndani kulikuwa na tope jekundu, zito kama uji wa wimbi. Nikajiambia, hiki ni chombo cha mgeni, kimekaa kwangu siku mbili tu, na tayari kiko hivi? Mwikali akirudi atasema nini? Nikaishusha. Nikamwaga lile tope kwenye mche wa mpapai, nikasugua ndoo kwa sabuni na majivu, nikaisuuza kwa maji ambayo punda aliyapandisha kutoka mtoni, halafu nikatia maji safi ya kunywa. Yale ya kunywa, mwanangu! Vumbi la Tawa halijawahi kuheshimiwa namna hiyo. Nikarudia tena baadaye, mara mbili tatu hivi, tuseme nne.

Mwezi ulipokwisha Mwikali akaja kuchukua ndoo yake. Akaitazama sana. Akaitikisa. Akatazama barabara, akaitazama ndoo tena.

"Kwenu kumetulia, Baba."

"Sisi ni watu wa usafi," nikamjibu, na kifua mbele.

Jumamosi iliyofuata tukaitwa kanisani kusikia matokeo. Watu wa barabara walikuwa wameketi mbele. Mwikali alieleza taratibu, kwa Kiswahili kizuri na Kikamba cha kwao. Mtoni vumbi lipo. Sokoni vumbi ni jingi. "Lakini kwa Baba Mwende, mkabala na nasari," akasema, na uso wake ukionyesha kwamba hata yeye haamini, "hewa ni safi kuliko mahali pote nilipopima." Kwa hiyo kazi ingeanzia sokoni, na sisi tungengoja zamu yetu, ambayo hakuna aliyejua itakuja lini.

Kuna wajinga walipiga makofi. Mmoja wao alikuwa mimi.

Nilipiga mawili tu, la tatu likakwama hewani, kwa sababu nyuma yangu Mama Mwende alikuwa ameanza kukohoa. Alikohoa muda mrefu, akijaribu kujizuia na leso, na kanisa zima likamngoja. Halafu Mama Kyalo akasimama.

"Mimi naomba kuuliza. Mimi na huyu tumepakana. Nguo zangu nikizianika nyeupe naanua nyekundu. Hilo vumbi likifika kwa Baba Mwende linabisha hodi, ama linageuka na kurudi Tawa?"

Watu wakacheka. Lakini yeye hakuwa akimtazama Mwikali. Alikuwa akinitazama mimi.

Hapo ndipo nikamkumbuka susu, bibi yangu mzaa baba. Nilikuwa darasa la sita, nina funza kwenye kidole cha mguu, na muuguzi alikuwa anakuja shuleni kukagua miguu. Niliazima soksi kwa rafiki yangu nikaficha mguu mbovu, nikaosha mguu mwingine ukang'aa, nikautanguliza ule. Muuguzi akanisifu, akapita. Baada ya wiki kidole kilikuwa kama kiazi. Susu alinitoa funza kwa mwiba huku nikilia, naye hakunipiga. Alisema tu, "Kidonda hakina aibu, mjukuu wangu. Aibu ni yako na maumivu ni yako. Ulikuwa na kimoja, sasa unavyo viwili." Zaidi ya miaka hamsini imepita, na kumbe bado natembea na soksi ya kuazima.

Nikasimama. 

"Mwikali," nikasema, "ile ndoo niliiosha."

"Uliiosha?"

"Kwa sabuni."

"Mara ngapi, Baba?"

"Mara tatu nne. Niliona ni aibu mgeni akute chombo chake kichafu."

Nilitegemea anikemee. Yule msichana alijikaza kidogo, akauma mdomo, kisha akaketi chini kabisa kwenye ngazi ya madhabahu akacheka hadi machozi. Watu wa barabara wakacheka. Mchungaji alificha uso nyuma ya kitabu cha nyimbo, lakini mabega yalimsaliti. Mwanangu, nimewahi kuhubiri katika kanisa lile mara nyingi, na sikuwahi kuwafurahisha watu hata nusu ya siku ile.

Mkubwa wa watu wa barabara alipopata pumzi alisema uamuzi utangoja mwezi mmoja, na ndoo irudi kwenye nguzo. Na hapo, nakuambia, nilibadilika. Nililinda lile vumbi kama watu wanavyolinda mizinga ya asali. Nilimfukuza kunguru aliyetaka kunywa humo. Nilipomwona Mama Mwende na kitambaa mkononi nilimpigia kelele, "Usiguse uchafu wangu!" Akaketi kwenye kigoda akisema amengoja neno hilo kutoka kinywani mwangu miaka thelathini na tano. Lori likipita kwa kasi, nilisimama langoni nikalipungia mkono: karibu, leta yote, usiache hata punje.

Ndoo ilirudi nzito. Mwikali aliibeba kwa mikono miwili, akitabasamu kama aliyepewa mtoto ambebe.

Leo mbele ya nasari kuna matuta mawili, kibao chenye picha ya watoto, na kipande cha lami. Ni kifupi, ukipiga chafya umekipita, lakini kinatosha lango la nasari na langu. Siku za jua kali lori la maji hupita likinyunyizia maji vumbi la sehemu iliyobaki, na watoto hulikimbilia kando ya ua kama mvua ya kwanza. Sokoni nako kazi imeanza. Siku matuta yalipowekwa, lori la kwanza lilipunguza mwendo, dereva akatoa kichwa, akasalimia. Hatukuwahi kuona uso wa dereva. Mama Mwende alisema, "Kumbe wana nyuso," akacheka, na mimi nikangoja kikohozi kimkatize kama kawaida. Alicheka hadi mwisho. Sisemi kimekwisha, bado hurudi upepo ukivuma. Lakini ule mcheko aliumaliza wote, nami niliuhesabu kama zawadi.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Usafi ni mzuri, na nikikukuta na sufuria chafu tutagombana. Lakini mtu akija kukupima ili akusaidie, awe daktari, mwalimu au msichana mwenye ndoo, usimwandalie sura nzuri. Mwonyeshe mahali panapouma kama palivyo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wakati mwingine kifo hicho si chako. Ni cha mtoto wa jirani anayevuka barabara saa sita. Msikilize mgeni hadi mwisho wa sentensi yake, chai iache ifurike. Na ukishakosea, simama useme, useme yote, usibakishe. Watakucheka, ndiyo. Kuchekwa hakujavunja mbavu za mtu Tawa.

Mungu akupe macho meupe na kifua chepesi. Barabara unazopita zikurudishe nyumbani, nawe ukute mtu amekuwekea chakula, hata kama mpishi ni mzee mwenye makelele. Uishi mpaka nawe uwe na ujinga wako wa kuwasimulia wajukuu.

Maneno haya nimemsomea Mama Kyalo juu ya ua kabla sijayatuma, maana yeye ni shahidi. Alisikiliza yote, mkono kiunoni, bila kunikatiza. Kisha akasema:

"Mara nne? Baba Mwende, nilikuwa nakuona ukiisugua kila asubuhi, na tena ulikuwa unaiimbia."