Ndungu Mwenye Mayai

Kwenye ukumbi wetu wa matangi kuna kibao kinachokataza kulisha samaki. Nilikiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, mpaka mkuu wangu akaniuliza kama nagombana na mtu. Kweli nilikuwa nagombana. Watu wa Ifakara ni wakarimu kupita kiasi. Mtu akimwona samaki nyuma ya kioo, anamhurumia na kumtupia andazi.

Kazi yangu ni kutunza matangi katika kituo cha utafiti wa samaki, nje kidogo ya Kibaoni. Watafiti wanachunguza samaki wa Mto Kilombero. Mimi nasugua vioo, nabadilisha maji, na Jumamosi nafungua ukumbi ili watu waje kutazama bure. Wanafunzi wanagonga vioo. Wazee wanasimama mbele ya kambale na kukadiria angetosha watu wangapi.

Mwaka huo tulikuwa na ndungu jike. Zamani ndungu alikuwa samaki wa kila siku mezani kwetu, lakini siku hizi wavuvi wanakaa wiki nyingi bila kumwona aliyekomaa. Mvua zilipoanza na mto ukapanda, mvuvi mmoja alituletea huyu ndani ya pipa, mzima, tumbo limejaa mayai. Misimu miwili tulikuwa tumejaribu kuwazalisha tukashindwa. Mkuu wangu, daktari wa samaki asiye na maneno mengi, alimtazama, akasema, "Huyu naye tukimpoteza, sijui tutampata wapi mwingine."

Sindano ya kumsaidia kutaga ilipangwa Jumatatu. Mpaka siku hiyo masharti yalikuwa mawili: asisumbuliwe, na asile kitu. Tangi lake lilikuwa dogo na pampu yake dhaifu. Chakula kikibaki majini kingeoza, na kwa joto letu maji yakichafuka samaki hukosa hewa upesi.

Jumamosi daktari alikwenda bondeni kuchukua sampuli, akaniacha peke yangu. Saa nane mchana gari la kukodi likasimama nje, wakashuka akina mama wa jumuiya kutoka Kisawasawa, wamevaa vitenge vya sare. Wa kwanza kushuka alikuwa mama mkwe wangu.

Kwetu mama mkwe hatazamwi usoni, hakatazwi jambo, wala kikombe hakitoki mkononi mwako kwenda mkononi mwake. Unakiweka mezani, naye anakichukua. Mwaka uliotangulia, mke wangu alipoharibikiwa mimba, alikuja kukaa nasi mwezi mzima, na mwezi mzima huo nilikohoa kabla ya kuingia uani kwangu mwenyewe. Kila alfajiri alimpikia binti yake uji wa ulezi. Juu ya mtoto hatukuzungumza hata neno. Nilimpenda mwanamke yule, na sikuwa na njia ya kumwambia.

"Shikamoo mama," nilisema, nikitazama sakafu.

"Marahaba mwanangu. Tumekuja kuwaona samaki wako."

Alikuwa ameuza samaki sokoni tangu mke wangu hajazaliwa, kwa hiyo hakuhitaji maelezo yangu. Alipofika kwenye tangi dogo alisimama. "Huyu ana mayai," akawaambia wenzake. "Tazameni tumbo." Kisha akaniuliza, "Amekula?"

"Bado, mama."

Ningesema amekula, mambo yangeishia hapo. Lakini mkwe hadanganywi, nikasema kweli, na kweli hiyo ndiyo iliyoniponza.

"Mwenye mimba analazwaje na njaa?" Akafungua kikapu chake, akatoa mfuko wa pumba laini ya mpunga. Kwetu kila mwenye bwawa la perege anawalisha pumba, naye alikuwa amebeba zawadi ya kuwaletea samaki wa mkwe wake. Akatia konzi ya kwanza.

Nikapaza sauti kwa ukumbi mzima, maana yeye peke yake sikuweza kumwambia. "Ndugu wageni, naomba tusiwalishe samaki, tafadhali."

"Mmesikia?" akawageukia wenzake. "Mkwe wangu anasema msilishe. Rudisheni maandazi yenu." Akatia konzi ya pili. Kibao changu kilikuwa juu ya kichwa chake. Alikisoma kwa sauti, akakisifia. Kibao kile kiliwahusu wageni, na yeye hakuwa mgeni.

Mke wangu ndiye pekee aliyeweza kumkataza. Alikuwa kwenye shamba la mpunga, simu haipatikani. Nilipiga na kupiga. Nikamnong'oneza mama mmoja aniombee kwa mwenzake, akacheka: "Mwache bwana, analisha mjukuu."

Nilibaki nimesimama na wavu mdogo wa kuchotea takataka mkononi. Kuichota pumba ile mbele ya macho yake kungekuwa sawa na kumwaga uji wa mke wangu akiona. Sikuweza. Wakakaa mpaka saa kumi na moja, wakapiga picha, wakaimba wimbo mmoja wa kushukuru, nikawasindikiza hadi kwenye gari nikitabasamu.

Niliporudi mbio, maji yalikuwa meupe kama yaliyooshewa mchele. Nikaanza kuchota, na umeme ukakatika. Maji ya bomba lazima yalale siku mbili ili dawa ya kuyasafishia iishe, na yaliyolala yalikuwa mapipa mawili tu. Niliyamaliza yote. Jumapili asubuhi ndungu alikuwa juu, mdomo wazi, akihema. Pampu ilikuwa bado imekufa, kwa hiyo nilichota maji kwa bakuli na kuyamimina kutoka juu yaingie hewa, nikachota na kumimina, kengele za misa zikilia mpaka zikanyamaza. Mchana alilala ubavu, hakuinuka tena. Nilikasirika sana: na umeme, na pumba, na adabu niliyolelewa nayo.

"Nani alimlisha?" daktari aliuliza Jumatatu.

"Wageni."

Alimpasua ndungu, akayatazama mayai, yameshaharibika, akayafunika kwa karatasi. Hakufoka. Afadhali angefoka.

Siku mbili baadaye simu ikaita nyumbani. Mke wangu, ambaye nilishamweleza yote, alikuwa mkekani akichambua mchele. "Mwanangu," sauti ya mama mkwe ikasema, "yule mama kajifungua?"

Nilikuwa nimepanga kusema kweli. "Ndiyo, mama."

"Salama?"

"Salama."

"Watoto wengi?"

"Wengi."

"Nilijua. Mwambie na mwenzake huyo hapo nyumbani asikate tamaa."

Mke wangu alikuwa amesikia. Aliinama, akaendelea kuchambua mchele aliokwisha kuuchambua.

Jumamosi iliyofuata mama mkwe alikuja peke yake, kuwaona watoto. Sikuwa na watoto wa ndungu wa kumwonyesha. Nilimpeleka kwenye tangi la vifaranga wa perege, nikasimama pembeni na aibu yangu. Nilimjua, angeweza kutofautisha perege na ndungu akiwa amefumba macho. Aliinama akawatazama muda mrefu. Kisha akageuka akalitazama lile tangi dogo, kavu, kioo kimesuguliwa.

"Wazuri," akasema.

Akafungua kikapu, akatoa mfuko wa pumba. Nikadhani atawatilia konzi. Lakini hakuufungua. Aliuleta mpaka mkononi mwangu, mkono kwa mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nimwoe binti yake.

"Uwalishe wewe," akasema taratibu. "Wewe ndiye unayejua kiasi."

"Ndiyo, mama."

Nilitazama sakafu, kama kawaida, nikaona ndala zake zimesimama pale muda mrefu kabla hazijageuka kuelekea mlangoni.