Hiari Yenye Filimbi

Vestina alijifunza Kihispania kwa pua kabla ya kukijua kwa masikio. Katika jiko la masista Wahispania wa Mpanda, alikopika tangu usichana wake, maneno yalimjia pamoja na harufu ya vitunguu. *Libremente* lilikuwa dirisha lililoachwa wazi. *Voluntariamente* lilikuwa mkono ulioinuliwa mkutanoni. *De buena gana* lilikuwa mtu anayeomba kuongezewa chakula. Kiswahili huyapika yote matatu katika chungu kimoja: kwa hiari.

Neno hilo alilijua tangu Katumba, makazi ya wakimbizi wa Burundi alikozaliwa. Baba yake, Didace, aliwahi kuulizwa kama angerudi Burundi kwa hiari. Alilitazama shamba lake la tumbaku, kisha akauliza, "Nikikataa, bado ni hiari?" Vestina hakulisahau swali hilo.

Sasa ameolewa kijiji kimoja cha milima ya Mwese, wanakomwita Mama Odeta. Alfajiri wanawake hushuka bondeni kuteka maji, na ukungu huwafunika hata zikaonekana ndoo tu, zikielea zenyewe kama ndotoni. Mwaka huu Sista Nieves, Mhispania ambaye Kiswahili chake hakijavuka salamu, alileta habari njema: shirika lake lingejenga tangi na kuvuta bomba, mradi wanakijiji wakusanye mawe bila kushurutishwa.

Mawe yalikusanywa. Hapa sitapamba maneno. Kila Jumamosi Eustace, mtendaji wa kijiji, alipuliza filimbi, na mgambo wakapita nyumba hadi nyumba. Nyanzala alikuwa anauguza mtoto, hakutokea. Wakamchukulia mbuzi wake. Uonevu wa namna hii tumeuzoea mno, hata tumeupa jina la heshima: kujitolea.

Sista alipokuja kukagua, alisimama kando ya lundo la mawe, akamuuliza Vestina kwa Kihispania kama watu waliifanya kazi ile kwa hiari yao.

"Mama Odeta, mwambie wamejitolea," Eustace alimhimiza. "Neno moja tu, maji yanakuja."

"Na mbuzi wangu umtaje!" Nyanzala alipaza sauti. "Huyo ndiye aliyejitolea kuliko wote. Mpaka leo hajarudi!"

Watu wakaangua kicheko.

"Nyie mnataka maji au mnataka mbuzi?" Eustace alifoka.

"Vyote, mtendaji. Kwani mbuzi hanywi maji?"

Maneno yalimzunguka Vestina polepole, kama mvuke wa jiko lile la zamani. Akisema *voluntariamente*, bomba lingekuja na filimbi ingebaki. Akisema walilazimishwa, Sista angeondoka na ndoo zingebaki. Tena huo nao usingekuwa ukweli mtupu: wanawake waliimba wakibeba mawe yale, na yeye mwenyewe alichagua jiwe kubwa, akiota maji yakitiririka karibu na mlango wake.

"*De buena gana, hermana*," alisema hatimaye. "*Pero no libremente*."

Kisha akawageukia wenzake, pasiwe na siri. "Nimemwambia tulibeba kwa moyo mkunjufu, lakini hatukuwa huru."

Sista aliitazama filimbi iliyoning'inia shingoni mwa Eustace, akauliza ni ya nini. Vestina akaeleza. Akaeleza na habari ya mbuzi. Sista akatoa masharti, na Vestina akayatafsiri yote: mbuzi arudishwe leo, Jumamosi ijayo pasiwe na filimbi wala mgambo. Watu wakija, ujenzi utaanza. Wasipokuja, bomba litakwenda kijiji kingine.

"Umetuponza," Eustace alimnong'oneza. "Bila filimbi, hawa hawaji."

"Basi tutajua, mtendaji. Siku zote hatujawahi kujua."

Jumamosi Vestina aliketi juu ya lundo la mawe peke yake. Ukungu ulikuwa umemeza njia, nyumba, hata miguu yake mwenyewe. Kimya kilikuwa kipana mno. Alihisi kwamba baba yake amesimama mahali fulani ndani ya weupe ule, akingoja jibu la swali lake.

Mbuzi akalia.

"Mama Odeta! Uko wapi humo mawinguni?" Ilikuwa sauti ya Nyanzala. "Nimekuja na jiwe langu. Na huyu naye amegoma kubaki nyumbani!"

Vestina akasimama. Nyuma ya sauti ile, mawe mengine yalikuwa yanapanda mlima, yakielea juu ya vichwa visivyoonekana.