Neno Moja Lililoanika Majibu ya Mgonjwa

Saa mbili asubuhi, chai inapoa pembeni ya kompyuta na Mama Kufuli hana habari nayo. Amelikodolea macho neno moja kwenye skrini. Hakuliandika yeye.

Jina hilo walimbandika wenzake ofisini kwa utani, maana katika programu anazoziandikia zahanati hakiachwi wazi kitu kisicho na sababu ya kuwa wazi. Hachukii. Kazi yake huieleza kama anayemtembeza mgeni nyumbani. Taarifa nyingine ni za sebuleni, yeyote anaziona. Nyingine ni za familia, zinafikiwa na vipande vya programu vilivyozirithi. Na nyingine ni za chumbani, haziguswi na mtu wa nje.

Majibu ya vipimo aliyaweka chumbani, kwa kuyaandikia mbele neno moja la programu: faragha. Sehemu nyingine ya programu ikiyataka, sharti iombe, na kwanza iulizwe anayeomba ni nani. Daktari atapewa. Mapokezi hawapewi.

Mwezi uliopita alichukua likizo kumuuguza mama yake. Huku nyuma, kijana aliyekuwa akitengeneza ukurasa wa mapokezi akagonga mwamba: programu ilikataa kumpa majibu. Badala ya kujiuliza kwa nini imekataa, msimamizi wa mradi alimwambia afungue tu, mteja anasubiri. Neno hilo la faragha likafutwa, mahali pake likawekwa neno wazi. Programu ikakubali, na watu wazima wenye akili zao wakapongezana.

Ndivyo majibu ya fundi cherehani mmoja, mama wa watoto wawili, yalivyojitokeza kwenye skrini ya dada wa mapokezi, ambaye ni wifi yake. Kufikia jioni ukoo mzima wa mume ulikuwa nayo mdomoni. Fundi huyo anaamini aliyetoboa siri ni muuguzi wake, aliyempa majibu hayo, na tangu hapo hajarudi kuchukua dawa. Juzi muuguzi alipiga simu ofisini akilia.

Ofisi imeliita jambo hilo hitilafu ya mtambo. Ni uongo wa mchana kweupe, na aliyeutunga anaujua.

"Mtambo haukukosea," anasema Mama Kufuli kwa hasira. "Mtambo ulikataa. Sisi ndio tuliouziba mdomo."

Analirudisha neno lake mahali pake. Ni kazi ya dakika moja, na hilo ndilo linalomchoma zaidi.

Msimamizi amemwonya: akimsogelea mgonjwa huyo, kibarua chake kitaota nyasi. Nyumbani mumewe anamsihi apoe, watoto bado wanasoma. Amewasikiliza wote wawili, na hajabadilisha nia. Muuguzi amekubali kumpeleka.

"Jumamosi nakwenda kwake," anasema. "Nitamwambia, dada, muuguzi wako hakusema neno, ni sisi. Anitukane mpaka achoke, mradi arudi kwenye dawa zake."