Asichanike Tena

Kwamba mke wangu alichanika vibaya alipozaa mtoto wetu wa kwanza, niliambiwa na mwanamke mwingine, karibu miaka mitatu baadaye. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo linalonisumbua hadi leo, kuliko hata mabomu.

Tuliishi Kisangani, si mbali na soko. Mimi nilitoka Kivu ya Kaskazini na biashara ya chumvi, sabuni na vitenge. Yeye ni mzaliwa wa hapo hapo, wa familia za wavuvi wa kwenye maporomoko. Mama yake alikuwa Isangi, chini zaidi mtoni, na vita vilikuwa vimekata mto, hakuna mtumbwi uliopanda wala kushuka. Majeshi mawili ya kigeni yaliyoingia mjini kama marafiki yalikuwa yameanza kutazamana vibaya, na sisi wenye maduka tulifunga saa nane mchana.

Mimba ya pili ilipofika miezi saba, mke wangu akaniambia kwamba hatarudi maternité, hospitali ya wazazi alikozalia mara ya kwanza. Nilikasirika. Nikaenda mtaa wa Mangobo kwa mkunga mmoja mstaafu, mama mnene mwenye sauti ya chini, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Sage-femme, yaani Mama Mkunga, nikamwomba aje amshawishi. Alikuja, akafunga mlango wa chumba, wakakaa humo zaidi ya saa moja. Alipotoka alikataa chai.

"Papa, bibi yako alipasuka mupaka karibu na nyuma. Balimushona mubaya. Mwaka muzima kuikala ilikuwa maumivu. Ulijua?"

"Sikujua, mama."

Nilijua kwamba kanisani alisimama wakati wa mahubiri, watu wote wameketi. Nilidhani ni ibada. Nilijua kwamba alikataa kupanda toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, akatembea hadi sokoni na mtoto mgongoni. Nilidhani anabana matumizi. Mama yule alipoondoka nilimuuliza mke wangu kwa nini hakuniambia.

"Ulikuwa kwenye dirisha," alisema. "Nilikusikia."

Ni kweli. Siku ile wauguzi walikuwa wakimpigia kelele asukume, mmoja amemkandamiza tumbo kwa viganja viwili, nami nje ya dirisha nikapaza sauti kuliko wote: sukuma, mama, sukuma. Niliona namsaidia.

Mke wangu na mkunga yule wakakubaliana kwamba atazalia maternité, lakini Mama Sage-femme awe kando yake tangu mwanzo hadi mwisho. Wiki sita kabla ya siku zake, mama yule alikuja na somo. Alinikagua kucha kama mwalimu wa shule, akanituma nizikate tena. Alitaka mafuta safi ya kupikia, chupa ambayo haijafunguliwa.

"Tumbo imekuwa kubwa, mikono yake haifike tena," alisema. "Donc, basi ni wewe. Unanawa na sabuni, unatia mafuta kwa vidole gumba, unakandamiza pale mutoto atapita, polepole kwenda chini, kwa upande ya nyuma. Akisikia inaanza kuchoma, unabakia hapo, yeye anapumua. Dakika tano. Akisema acha, unaacha."

"Na hatapasuka?"

"Sikuambie hivyo. Inasaidia bengi, haisaidie bote. Nyama inataka muda ya kufunguka. Ukiiharakisha, inapasuka."

Alasiri ya kwanza, duka limefungwa na mtoto kalala, nilikuta kovu kwa vidole vyangu. Lilikuwa gumu kama mshono wa gunia. Mke wangu aligeuza uso ukutani akalia bila sauti, nikaondoa mkono.

"Sikusema acha," alisema.

Tuliendelea hivyo kila baada ya siku moja, wiki baada ya wiki. Shangazi yangu alileta majani ya kunywa ili uchungu uje haraka. Mama Sage-femme aliyamwaga chooni na kusema dawa ya haraka inaweza kumuua mama na mtoto.

Kisha majeshi yale yakaanza kupigana katikati ya mji. Mama Sage-femme alikuwa amekuja asubuhi ile kumpima mke wangu, na hakuweza tena kurudi Mangobo. Kwa kuwa nyumba yetu ilikuwa ya simenti, majirani walikimbilia kwetu. Tukalala tisa kwenye korido, magodoro yameegemezwa milangoni. Siku ya tatu, jua limeshapanda, uchungu ukamshika. Njia ya maternité ilikuwa ya risasi tupu.

Mama Sage-femme alimlaza kwa ubavu wa kushoto. Akaniambia nichemshe maji kwenye jiko la makaa, yapoe kiasi cha mkono kuvumilia, nichovye kitambaa safi. Maji yaliyobaki nyumbani yalikuwa ya bidoni moja, dumu la plastiki. Jirani mmoja, mama wa mtoto wa miaka miwili, akashika mkono wa bidoni.

"Papa, hii ni maji ya kunywa. Batoto baniko hapa."

Nilimwangalia, kisha nikavuta bidoni. Hakuvutana nami.

Nilishikilia kitambaa cha moto pale ambapo kichwa kilikuwa kikisukuma, nikikibadilisha kila kilipopoa. Bomu likaanguka karibu, vumbi likatushukia, na watu wote koridoni wakaanza kwa pamoja: sukuma, mama, sukuma, umalize.

"Banyamazishe," Mama Sage-femme akaniambia.

Niligeuka nikawaambia wanyamaze. Sijui nilisema kwa sauti gani, lakini walinyamaza. Mama yule akamwinamia mke wangu. "Usisukume. Puliza, kama unapooza chai. Puliza tena." Kichwa kilitoka taratibu mno hata nikaogopa. Kisha mabega, kisha msichana mzima, akilia.

Alipomkagua mke wangu kwa tochi, Mama Sage-femme alikuta mchubuko mdogo tu. Hakushona. Mke wangu alimuuliza mara mbili kama ni kweli.

Tulikaa siku tatu zaidi bila maji. Mtoto wa jirani yule wa bidoni alikunywa maji ya mtaro wakati hakuna aliyemtazama, akaharisha mpaka macho yakazama. Mapigano yalipokoma tulimkimbiza kwenye kituo cha afya, nikiwa nimembeba mimi. Alipona.

Mwezi baadaye mke wangu alimpeleka binti yetu kwa jirani yule, kumshukuru kwa maji yale na kumwomba radhi. Alirudi upesi. Nikamuuliza jirani amesema nini.

"Amemushika kidogo. Amesema ni mutoto muzuri. Kisha ameingia ndani."