Ng'ombe wa Mahari, Moto wa Masatu

Kengele ya kanisa haijalia, na Felisian Masatu tayari ameinama kando ya zizi lake Guta, Bunda, anakoroga samadi na maji. Mbele yake, pipa la bati lililofunika shimo la saruji limeinuka kiasi cha shubiri. Anafanya ishara ya msalaba, anafungua koki ya gesi. Jikoni mkewe, Wankyo, anawasha kiberiti, na moto wa bluu unatulia chini ya sufuria ya uji.

"Pipa likiinuka, tunapikaga," anasema Masatu. "Likilala, mama anaenda kuni."

Koki alizijulia mbali. Mwaka 1978 alikwenda kisiwa cha Songo Songo, pwani ya kusini, akawa fundi bomba kwenye visima vya gesi asilia. Visima vilipimwa, vikafungwa, vikasubiri fedha ambazo nchi haikuwa nazo. Mshahara wake wa mwezi haukutosha unga wa wiki moja. Alirudi nyumbani mikono mitupu, na watani wakampokea: umelinda moto miaka yote hiyo, hata ugali haujausonga.

Maneno hayo yalimkaa moyoni. Akachimba shimo, akajenga mtambo wa kutoa gesi kwenye samadi, akaomba usivuje. Haukuvuja. Ng'ombe wake sita wakaulisha.

Mwaka huu, 1993, mwanawe Nyamhanga alimposa Esta wa Butiama. Baba wa binti, Mzee Keraryo, aliwataka wote sita. Masatu hakubisha, mahari ni mahari. Wankyo alitoa panga la kuni, akalinoa.

Wakwe walipokuja kukagua ng'ombe, Masatu aliomba jambo moja.

"Mkwe wangu, ng'ombe ni wako kuanzia leo. Mimi niachie mavi tu."

Wazee walicheka hadi wakajifuta machozi. Keraryo aliuliza kama huko pwani ndiko walikomfundisha kuoza mwana kwa mavi. Kisha chai ikaletwa, naye akatazama paa la jiko, akauliza mbona halitoi moshi. Masatu akampeleka kwenye pipa.

Keraryo alilizunguka. "Watatu nawaswaga leo," akasema. "Watatu nakuachia unichungie. Na wewe utakuja kunichimbia shimo kama hili."

Gesi ya ng'ombe watatu inatosha asubuhi tu. Jioni Wankyo bado anaokota kuni, akisubiri ndama ambao Keraryo ameahidi kumwachia.

Mvua zikiisha, Masatu ataenda Butiama na spana zake.

"Kule Songo Songo nilifunga koki nikaondoka," anasema. "Hii ya mkwe namwomba Mungu niifungue mwenyewe."