Sauti ya Mtoro

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, anaitwa Sauti na mtaa mzima. Jina lake la kweli liko kwenye kitambulisho na halijawahi kutoka huko. Kazi yake ni kuingiza maneno ya Kiswahili kwenye filamu na katuni za nje. Yeye anaongea, mimi nabonyeza mashine. Mimi si mtu wa kuongea, ndiyo maana kazi hiyo ilinifaa.

Ukimkuta mbele dukani, tunakouza kazi hizo, hasemi mengi. Atakuuliza unataka sehemu ya ngapi, na kama flashi yako ina nafasi. Lakini mfungie kwenye chumba cha nyuma, chenye magodoro manne ukutani na blanketi mlangoni, anakuwa watu saba. Anakohoa kama bibi kizee, anafoka kama askari, anamtongoza msichana na huyo msichana anamkataa, vyote kwa koo moja.

Tunarekodi kuanzia saa saba mpaka saa tisa mchana. Saa hizo mwenye mashine ya kusaga ya jirani huzima na kwenda kula, na kuta zinaacha kutetemeka. Nyuma ya ukuta wa kushoto ni chumba cha mama yake Sauti. Miguu yake imevimba na hasimami bila kushikwa. Hukaa kwenye kiti chake na kusikiliza kazi ya mwanawe kupitia ukutani, bila picha.

Haya ninayoandika yalianza tulipopata katuni moja ya Kijapani yenye sehemu ishirini na nne. Ilikuwa ya watu wanaokimbia. Alikuwemo kijana tuliyemwita Mtoro, msichana mwenye kovu shavuni, na mzee mpishi aliyebeba sufuria mgongoni. Nyuma yao, kila sehemu, alikuja mtu wa koti refu mwenye bunduki.

Kijapani hatukijui. Utaratibu wetu ni kuiangalia sehemu mara moja tu, kimya, kisha Sauti anaamua nani ni nani kwa nani, na kazi inaanza. Za mbele hatuziangalii, kwa sababu wateja wanasubiri mlangoni. Kwa hiyo undugu wa watu wale aliupanga yeye, siku ya kwanza, kwa kutazama sura. Msichana alimfanya mchumba wa Mtoro. Koti Refu alimfanya kaka yake Mtoro, tumbo moja.

"Kaka yake kwa nini?" nilimuuliza.

"Angalia masikio."

Kwenye sehemu ya sita tukaumbuka. Mtoro alikumbuka zamani, na katika kukumbuka kwake tukamwona amembeba yule yule msichana akiwa mchanga, anamnywesha maziwa. Kovu lile lile, shavu lile lile. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara alivuka makusudi kuja kutucheka.

"Sauti, umemposea mtu mtoto aliyemlea mwenyewe!"

"Walikuwa wanataniana. Huyo ni mpwa wake. Mjomba haruhusiwi kutania?"

"Na ile pete aliyompa sehemu ya nne?"

"Ya marehemu mama yake, alikuwa anamtunzia. Nenda kashone."

Hilo liliishia kwenye kicheko. Jambo la pili lilikuwa limeanza mapema zaidi, na halikuchekesha.

Kwenye sehemu ya tatu Mtoro alijificha kwenye majani marefu akawa anaongea kwa sauti ya chini. Sehemu mbili za kwanza Sauti alikuwa amempa sauti ya ujana tu, kama ya kijana yeyote. Siku hiyo ikatoka nyingine. Kabla ya kila sentensi alivuta pumzi kupitia kwenye meno, kama mtu anayeonja chai ya moto sana. Pumzi hiyo niliwahi kuisikia. Nilimtazama shemeji, naye macho yake yalikuwa kwenye picha.

Ukutani tukasikia kiti kikilia.

"Nani huyo unaongea naye?" mama akauliza.

Alikuwa Kitinda. Namaanisha, sauti ilikuwa ya Kitinda, mdogo wake Sauti, mtoto wa mwisho wa mama. Miaka kumi na moja iliyopita alikuwa anafanya kazi kwenye ghala la vipuri. Yakapotea maboksi, yeye akatajwa. Alikuja mbio nyumbani, jua bado kali, akagonga. Sauti ndiye aliyekuwa sebuleni. Aliamini yaliyosemwa. Hakufungua. Alisema kupitia mlangoni, "Nenda zako, usituletee askari," na akasukuma komeo kwa nguvu ili lisikike. Mama alikuwa chumbani na alisikia komeo hilo.

Baada ya miezi minne mwizi alikamatwa, naye alikuwa mtunza ghala mwenyewe. Tajiri mwenye ghala akaandika barua ya kuomba radhi. Mama ameishonea ndani ya mto anaolalia. Aliyeandikiwa hakupatikana asomewe. Hakupiga simu, hakutuma mtu. Kama yuko hai, basi anakimbia kesi iliyokwisha zamani.

"Sikuwa namwiga," shemeji aliniambia siku ile, akinywa maji ya uvuguvugu. "Imetoka yenyewe."

Alijaribu kumbadilishia Mtoro sauti kwenye sehemu ya nne. Ikarudi ile ile. Ya tano, hivyo hivyo. Na nikagundua kitu kingine ambacho sikumwambia. Watu wote wa katuni ile aliwatengenezea sauti, isipokuwa Koti Refu. Koti Refu alikuwa anaongea kwa sauti ya dukani, ya kuulizia flashi. Ilikuwa sauti ya shemeji mwenyewe. Nikaelewa kwamba masikio hayakuwa sababu.

Mama naye akaanza kumjibu Mtoro. Mtoro akisema ana njaa, ukuta unasema, "Kula kwanza, utakimbia vizuri." Akisema kuna baridi, ukuta unasema, "Si nilikwambia ubebe sweta." Hakuwa anaweweseka, maana muda huo huo alikuwa akimkumbusha dada kugeuza nguo kwenye kamba. Dada akaenda kumwelewesha.

"Mama, ile ni katuni. Michoro tu."

"Mchoro hauvuti pumzi kwa meno."

"Ni mume wangu yule, mama, anaigiza."

"Mume wako namjua, nimemzaa. Yule mwingine pia nimemzaa." Kisha akasema neno ambalo dada alituletea. "Siku huyo Mtoro akifa humo kwenye picha yenu, basi mwanangu amekufa, nami nitaanza msiba. Msinibishie."

Sehemu ya ishirini na nne ilifika siku ya Jumanne. Tuliiangalia kimya kama kawaida. Msichana na mpishi walivuka mto wakaokoka. Mtoro alibaki nyuma, akafika kwenye kibanda, akagonga mlango. Hakufunguliwa. Koti Refu akatokea kwenye miti, akainua bunduki. Halafu ilibaki theluji tu, inaanguka juu ya kitu kilicholala. Sekunde arobaini za theluji, ikaisha.

Sauti alikaa akitazama kioo kitupu.

"Sema amelala," nikamwambia.

"Atajua."

"Basi tuache. Tuseme faili limeharibika."

"Amehesabu sehemu. Anajua leo ni ya mwisho. Tukikaa kimya ndiyo atajua zaidi." Akavaa hedifoni. "Washa."

Aliifanya vizuri mpaka kwenye kibanda. Koti Refu alipotokea, nilitarajia vitisho vyake vya kawaida. Badala yake shemeji alisema, kwa ile sauti yake ya dukani, "Mwizi alishakamatwa. Alikuwa mtunza ghala. Mimi ndiye niliyekosa, nilisukuma komeo huku unasikia. Rudi nyumbani." Kwenye picha mdomo wa Koti Refu ulikuwa umefungwa. Bunduki ikalia.

Hapo Mtoro alitakiwa apige kelele ya mwisho. Sauti alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Akajiziba kwa kiganja, machozi yakawa yanapita juu ya vidole. Sikuzima. Nilimwangalia yeye muda wote, theluji ikiwa inaanguka pembeni ya macho yangu. Katikati ya kimya hicho mama akasema ukutani, wazi kabisa, kama anayemjibu mtu, "Uko wazi, mwanangu. Sukuma tu."

Nilidhani ni mazungumzo yake ya siku zote. Jirani akawasha mashine ya kusaga, nasi tukawa tumemaliza.

Nilipoisikiliza peke yangu ili nisafishe makelele, nilifika kwenye theluji nikaongeza sauti, nikitafuta mngurumo wa kukata. Sekunde ya kumi na nane, pumzi ikavutwa kupitia kwenye meno. Ilikuwa karibu, kama midomo imegusa maiki. Kisha, "Kaka, mlango uko wazi?" Na baada yake, kwa mbali, kupitia ukutani, jibu la mama.

Nilimvalisha shemeji hedifoni. Alisikiliza mara tatu.

"Ni wewe uliyesema," nikamwambia. Nilikuwa naomba.

"Shemeji, si ulikuwa unaniangalia?"

"Ndiyo."

"Mdomo wangu ulikuwa wapi?"

 Nikamuuliza kama nifute.

"Ukifuta hilo swali, mama atakuwa amemjibu nani?"

Siku hiyo hiyo alichukua bisibisi akaling'oa komeo la mlango wa mbele. Dada akauliza, "Na wezi?" Akasema, "Waingie." Mama hakuanza msiba wowote. Aliomba uji na kuumaliza.

Katuni ikasambaa hivyo hivyo ilivyo. Fundi cherehani akavuka tena barabara. "Yaani mtu kapigwa risasi, kalala, halafu anauliza mlango uko wazi? Maiti gani yenye adabu hiyo?" Sauti akaendelea kupanga flashi.

Wiki ya tano alikuja dereva wa lori anayetubebea flashi kuzipeleka miji ya mbali. Aliegemea kaunta, akasema kuna mtu katuni yetu imemchanganya. Ni fundi wa kuchomelea mageti, mji wa safari ya siku mbili. Aliiangalia akiwa anakula mchana kwenye kibanda cha chakula, ilipofika kwenye theluji kijiko kikamdondoka.

"Akanishika shati. Ananiuliza, nani alinirekodi? Namwambia bwana, ile ni katuni, kuna jamaa anaigiza. Ananiambia hapana, hiyo ni sauti yangu, na hayo maneno niliyasema Jumanne moja mchana, nimekaa peke yangu nje ya karakana, sikuwa na mtu wala simu. Nikasema moshi wa kuchomelea umemuingia kichwani."

"Anaongeaje?" Sauti akauliza.

Dereva akavuta hewa kupitia kwenye meno. "Hivi. Kama mtu wa chai ya moto. Kwani mnamjua?"

"Yuko wapi sasa?"

"Nilipopita juzi karakana imefungwa. Majirani wanasema alikuwa anaulizia mabasi."

Sauti alikwenda kumwambia mama, akamkuta hana mshangao wowote. "Nisogezeeni kiti sebuleni," alisema, "kitazame mlango."

Leo ni siku ya nne tangu hapo. Hatujarekodi kitu. Saa nane mchana niliingia chumba cha nyuma kufuta vumbi, mashine ikiwa imezimwa, na sijui kwa nini nikavaa hedifoni. Nikasikia mtu anatembea kwenye kokoto. Hatua mbili, anasimama. Hatua moja, anasimama.

Nikazivua na kukimbilia sebuleni. Mama, ambaye hasimami bila kushikwa, alikuwa amesimama. Dada alikuwa ameshika ukuta. Mlango ulifunguka upana wa kiganja, ukatulia, kama unaoshikwa kwa nje na mtu anayesubiri kuambiwa.

Sauti alikuwa pale, mkono wake ukiwa kwenye matundu ya skrubu lilipokuwa komeo.

"Sukuma tu," akasema. "Uko wazi."